Marehemu Mke wa Fundi

Asubuhi ile Sikio alivaa gauni la zambarau ambalo mama yake alisema humfanya aonekane kama mtu anayekwenda kuposwa. Hakubisha. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka huku na huku, akapaka wanja kidogo, akaufuta, kisha akaupaka tena.

Jina la Sikio hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wa karakana ya makochi. Yeye alikuwa akisomea shahada ya uzamivu, na utafiti wake ulihusu wanaume waliowauguza wake zao mpaka mwisho. Hakuwa na dodoso lenye visanduku vya kuweka alama. Kazi yake ilikuwa kuketi na mtu, kumwambia, "Nisimulie, anzia popote unapopenda," kisha kunyamaza. Baadaye aliiandika ile simulizi, akairudisha kwa mwenyewe na kumsomea, na mwenyewe akasema hapa ni sawa, hapa sivyo. Hapo tu ndipo hadithi ilipokubalika kuwa hadithi. Mafundi walipoona mwanamke msomi anakuja kila wiki, anaketi juu ya kochi lisilo na kitambaa na hasemi neno, wakasema huyu Mungu alimnyima mdomo akamwongezea sikio.

Mtu ambaye Sikio alikuwa akimsikiliza pale ni fundi mkuu wa karakana, mwanamume mrefu, mpole, mwenye vumbi la sponji kwenye nyusi. Watu walimwita Fundi, naye Sikio akamwita hivyo hivyo. Katika wasimulizi wake wote, ni huyu mmoja aliyemliza. Alimweleza jinsi mkewe alivyoanza kuchoka, jinsi alivyomnyanyua kila alfajiri na kumweka dirishani aone watu wakienda kazini, jinsi alivyojifunza kumsuka nywele kwa sababu mikono ya mke ilikuwa haiwezi kupanda tena kichwani. Alisimulia akiwa ameinamisha macho. Siku moja alipomaliza akayainua, yakakutana na ya Sikio, na Sikio akasahau kuzima kinasa sauti. Nyumbani, alipoisikiliza rekodi ile, mwishoni hapakuwa na maneno, palikuwa na pumzi za watu wawili.

Hapo akajiwekea mpaka. Alimwambia Fundi kwamba hadi atakapomsomea hadithi yake na Fundi kuiridhia, Fundi ni msimulizi na yeye Sikio ni mtafiti, basi.

"Na baada ya hapo?" Fundi akauliza.

Sikio alitazama misumari iliyotapakaa sakafuni. "Baada ya hapo sitakuwa na karatasi mkononi."

Mama yake hakuupenda mpango huo tangu mwanzo. Si kwamba alimdharau fundi wa makochi. Alichokiogopa ni marehemu. Alisema mwanamke hai unaweza kushindana naye, utampita kwa mapishi, kwa ucheshi, hata kwa umbo, lakini aliyekufa hakosei tena. "Ukiolewa na mjane," alisema, "mtalala watatu." Sikio alicheka, lakini neno lile lilimwingia. Kusema kweli, alikuwa ameshaanza kumwonea wivu yule mke. Alipochana nywele alijiuliza kama zake zingemvumilia mwanamume mwenye vidole vigumu vile.

Basi akafika nyumbani kwa Fundi, nyumba ndogo nyuma ya karakana, karatasi zake ziko kwenye mkoba. Aliyemfungulia mlango hakuwa Fundi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, aliyevaa miwani, mwenye chaki kidogo kwenye kiganja. Alijitambulisha kuwa ni dada mkubwa wa Fundi, mwalimu wa hesabu. Alisema mdogo wake ameitwa karakanani, lori la mteja limekuja kuchukua makochi, atarudi sasa hivi. Alikuwa ameambiwa aje alasiri kumwona mgeni, akaona alasiri ni mbali.

"Karibu ukae," akasema. "Angalia tu springi hiyo isikuchome. Fundi wa makochi, kochi lake ndilo bovu kuliko yote mtaani."

Sikio akaketi ukingoni. Mwalimu alimtazama kama anavyotazama karatasi ya mtihani, toka juu hadi chini, halafu akarudi juu kutafuta kosa. Halikuonekana, kwa maana uso wake ulilegea. Akamuuliza habari za nyumbani, habari za masomo, kama mama yake yu hai, kama amezaliwa na wangapi. Akasema mdogo wake amekuwa akiimba peke yake siku hizi, na kwamba mtu asiye na sauti akianza kuimba, lipo jambo.

Ukutani hapakuwa na picha ya harusi. Sikio alikuwa ameitafuta kwa jicho la pembeni tangu alipoingia. Palikuwa na picha moja tu, ya mwanamume mwenye ndevu nyingi akiwa ameshika nyundo na kucheka. Mwalimu akaona anapotazama. Akasema huyo ni mumewe, marehemu, na kwamba ndiye aliyemfundisha mdogo wake kazi.

Sikio alishikwa na huruma. Kumbe nyumba moja ilizika mara mbili. Akasema kutoka moyoni, bila kupima, "Pole sana, dada. Mume, na tena wifi. Msiba juu ya msiba."

Mwalimu aliirekebisha miwani. "Wifi yangu yupi?"

"Mke wa Fundi."

"Mke wa fundi gani?"

Sikio akatabasamu, akidhani hakusikika vizuri. Kisha akautazama uso ule, akaona hauna uchungu wala haufichi kitu, una mshangao mtupu, kama wa mtu aliyeulizwa habari za mtoto ambaye hakumzaa. Tabasamu likamganda mdomoni. Alitaka kusema samahani, nimechanganya nyumba. Alitaka kusema lolote. 

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Fundi akaingia na aproni yake, nyundo mfukoni, akiwa na kicheko alichokibeba kutoka kwa wapakiaji wa lori. Aliwaona wawili wale wameketi wakitazamana, na kicheko kikaishia pale kizingitini.

"Mdogo wangu," Mwalimu akasema taratibu, "ulioa lini?"

Fundi aligeuka. Alimtazama Sikio, na Sikio alilipata jibu kabla halijasemwa. Hata hivyo aliendelea kuikazia macho midomo ile, akiiombea iseme kitu kingine.

"Nilitaka nikwambie leo," Fundi akasema. "Kabla hujasoma. Nilipanga nikwambie kabla."

"Uniambie nini?"

"Sijawahi kuoa."

Nje, mafundi walikuwa wakigongelea misumari. Sikio alizisikia nyundo moja moja, kwa ukali, kama zinagongwa ndani ya fuvu lake. Alijiona akifungua mkoba na kuzipanga upya karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kipuuzi: kwamba lazima amjulishe profesa wake. Profesa huyo alikuwa amemfundisha kwamba mtafiti wa simulizi hasimami kama hakimu, haulizi tu kama jambo ni kweli. Anauliza kwa nini mtu amelisimulia hivi, na amemsimulia nani. Sikio mwenyewe alikuwa ameyarudia maneno hayo mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa kujiamini, na wao wakayanakili. Sasa aliketi juu ya springi mbovu, na hilo la "nani" likamwelemea kifuani. Aliyesimuliwa alikuwa yeye.

Mwalimu aliuliza ni kitu gani mdogo wake amekisema. Aliuliza mara ya pili, kwa sauti ya darasani. Sikio akasema hawezi kueleza, kwamba hadithi ni mali ya aliyeisimulia na yeye ameahidi kuitunza.

"Msomee," Fundi akasema.

"Siwezi."

"Msomee, nakuomba. Hadithi hiyo si yangu. Ni yake."

Macho ya Sikio yalikuwa makavu. Akafungua ukurasa uliokuwa juu, akaanza kusoma kwa sauti isiyo na rangi.

"'Alikuwa hataki nimlishe mbele ya watu. Wageni wakija, naficha bakuli chini ya kiti. Akiniuliza kama nimekula, nasema nimekula. Nikizidiwa natoka nje kwenye bomba, nafungulia maji yaanguke ndooni kwa nguvu, nalia hapo hapo. Ndoo ikijaa nanyamaza. Nyumba yetu haikukosa maji hata siku moja. Majirani walidhani tunapenda usafi.'"

Mwalimu alikuwa ameuinua mkono kama anayetaka kuuliza swali. Hakuuliza. Mkono ukabaki hewani.

Sikio akaendelea. Akasoma habari za dirishani, za nywele, za dawa iliyotemwa kwa siri kwenye shuka. Akafika mwisho, mahali ambapo yeye mwenyewe, akiandika, alilazimika kuinuka na kuzunguka chumba.

"'Siku ile nilikuwa namkata kucha. Nilimaliza mkono wa kushoto. Nilipoushika wa kulia, nikajua. Sikupiga kelele. Nilimaliza kumkata na zile za mkono wa kulia, kidole kimoja kimoja, ndipo nikaita watu.'"

Alipoinua macho, Mwalimu alikuwa amevua miwani. Bila miwani alionekana mtu mwingine, mdogo zaidi, aliyevamiwa.

"Hayo ya kucha sikumwambia mtu," akasema. "Hata mama mzazi sikumwambia. Nilikuwa peke yangu chumbani." Akamgeukia mdogo wake. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Ulikuwa umenituma maji ya moto."

"Ukasimama tu?"

"Ulikuwa unamkata taratibu sana, dada. Nikaona nikiingia, ndipo atakuwa amekufa."

 Mwalimu aliipapasa meza kutafuta miwani ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Na bombani?"

"Dirisha la chumba changu pale kwenu lilikuwa upande ule."

Sikio alimwona mwanamke yule akipigwa mara mbili kwa mpigo mmoja. Alikuwa ameibiwa. Na katika kuibiwa huko aligundua kwamba miaka yote alipodhani hakuna anayemwona, palikuwa na mtu. Uso wake haukujua uende upande gani. Ukaanza na hasira.

"Umemfanya mume wangu mwanamke," akasema. "Zile ndevu zake nilizokuwa nazichana, umezifanya mistari ya kusuka. Angesikia huyu wa pichani, angekugonga na hiyo nyundo."

"Angenigonga," Fundi akakubali.

"Halafu ukamchukua ukaenda kumtumia kutongozea."

 Mwalimu alitoa kicheko kifupi kilichokuwa kikavu mwanzoni na kulowa mwishoni, akajifuta kwa upande wa kiganja, na chaki ikamwachia alama shavuni.

Ilibidi Fundi aeleze, naye alieleza akiwa amesimama, kama mtu aliyeitwa barazani. Dada yake alipofiwa alijiunga na kikundi cha wafiwa kilichokuwa kikikutana hospitalini, naye alikuwa akimsindikiza na kumngoja kwenye benchi la korido. Siku moja akaja mwanamke mwenye kalamu, akamuuliza kama amefiwa. Akasema ndiyo. Akamuuliza kama aliuguza. Akasema ndiyo. Kisha akamuuliza, "Mkeo?"

"Ndiyo mbili za mwanzo zilikuwa za kweli," alimwambia Sikio. "Ya tatu ilinitoka kwa sababu ulikuwa umeanza kufunika kalamu."

"Ungesema siku ya pili. Ungesema siku yoyote."

"Siku ya pili ulikuja ukaketi, ukaniambia nianzie popote ninapopenda. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Yule alikuwa shemeji yangu, na ndiye aliyenishikisha nyundo. Siku ya mazishi watu walimpa dada pole. Mimi waliniuliza viti vya kuongeza viko wapi."

Sikio aliyasikia maneno yale, na sehemu yake moja, ile iliyozoea kusikiliza, ikajua kwamba hiyo ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote ambazo Fundi aliwahi kumpa. Sehemu nyingine ikakataa kuipokea. Alisimama.

"Mimi nilimwonea wivu mkeo," akasema. "Unalijua hilo? Nilikuwa najiuliza siku nikiugua kama na mimi utanikata kucha. Mama yangu ananigombeza kwa ajili ya mwanamke huyo, na mimi namtetea, namwambia mama marehemu alikuwa mtu mwema. Nilimpenda mwanamume aliyemzika mke wake. Sasa huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Niulize."

"Nimekuuliza miezi yote hii, Fundi."

Akaziweka karatasi mezani mbele ya Mwalimu, akamwambia ni zake, afanye atakavyo, na kwamba hakuna neno hata moja la humo litakaloingia kwenye kitabu chochote. Ilikuwa ndiyo sura bora ya utafiti wake, na wote watatu walijua hivyo. Mwalimu alizitazama bila kuzigusa. Kisha, kwa namna ya mtu ambaye akili imempotea na adabu imebaki, akasema, "Mgeni wangu, hata chai hujanywa."

Sikio akamshukuru, akatoka. Alipita karakanani, mafundi wakamwamkia kwa jina lake la utani, naye akawapungia mkono. Miguu ilimpeleka hadi kwenye duka la vioo lililofungwa, ambalo mbele yake palikuwa na ubao wa kukalia. Hapo simu ikalia. Alikuwa mama.

"Enhe. Umemaliza na mjane wako?"

"Mama," Sikio akasema, "mke wake hajafa."

Mama akauliza kwa hofu, "Kwa hiyo yu hai?"

"Hayuko hai. Hajakuwapo. Hajawahi kuoa."

Ilimchukua mama muda kuelewa, na Sikio kueleza. Alipoelewa hakufurahi kama ambavyo mtu angetarajia. Alisema alikuwa ameshajizoesha. Alikuwa ameshapanga hata namna ya kumtaja marehemu kwa heshima mbele ya wakwe. "Mjane ningemvumilia," akasema hatimaye. "Mwongo je? Mwanangu, bora yule mfiwa." Akamwambia aje nyumbani, ataandaa chakula. Sikio akasema anakuja, lakini hakuinuka.

Alipogeuza kichwa, Fundi alikuwa ameketi mwisho wa ubao, mbali kiasi cha mtu wa tatu kuweza kukaa katikati. Nyundo bado ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Hakusogea. Kwa muda walitazama watu wakipita, kila mmoja na mfuko wake.

"Dada anasoma," akasema. "Amefunga mlango. Amesema nisirudi mpaka amalize."

 Sikio alikuwa akijisikiliza, na alichokikuta ndani kilimshtua kuliko yote ya siku ile. Hakuwa na hasira kubwa. Alikuwa na huzuni, na huzuni yenyewe haikuwa kwa ajili ya Fundi.

"Yule mkeo," akasema. "Nilikuwa nimemzoea. Nilikuwa najua anavyopenda dirisha. Nilikuwa najua sauti yake, ingawa hukuwahi kuniigizia. Nikiandika usiku nilikuwa namwambia, dada, nisamehe, nampenda mumeo. Leo amekufa kabisa, na sina hata pa kwenda kumlilia. Nikimwambia mtu nimefiwa, atauliza nimefiwa na nani."

Fundi alikuwa amefungua mdomo ajitetee. Akaufunga. Aliinamisha kichwa, mikono ikiwa imefumbatana magotini, akasema kwa ile sauti ya chini ambayo watu huitumia msibani:

"Pole."

Hapo ndipo Sikio alipolia. Alilia kwa ajili ya hayo yote, bila kujificha, wanja ukamwagika kwenye gauni la zambarau, na wapita njia wakageuka wakaona mwanamke akilia na mwanamume akiwa ameketi mbali naye, kichwa chini. Kila mmoja akaondoka na maana yake.

Alipotulia alijifuta, akainuka. Fundi naye akainuka.

"Usinifuate. Mama ananingoja, na nina wiki mbaya mbele. Nina profesa wa kumkabili. Nina mtu wa kumzika."

"Nikusubiri?"

Sikio alimtazama. Zile nyusi zenye vumbi la sponji. Vidole vile vigumu ambavyo, sasa alijua, havikuwahi kusuka nywele za mtu. Hakujua anapenda kula nini, wala alikuwa mtoto wa namna gani, wala aliwahi kumpenda nani kabla. Alikuwa amekaa naye msimu mzima, na mtu huyu alikuwa mgeni kabisa.

"Subiri," akasema. "Lakini usubiri wewe. Yule mjane nisimkute."

Akavuka barabara bila kugeuka nyuma, akatembea hadi kona, na hapo pekee ndipo alipogundua kwamba Fundi naye hajawahi kumuuliza yeye hata jina lake halisi.